Njumu za Mchakamchaka

Jambo zima liligharimu goti moja, la kulia, na chenji sikupewa. Nimelikumbuka juzi niliporudi nyumbani Malangali, mtaani kwetu Sumbawanga, nikaamka alfajiri kusubiri nyimbo za wanafunzi wakikimbia. Hazikuja. Zilipita bodaboda tu.

Wewe uliyesoma enzi zetu unajua. Baridi ya Sumbawanga ilikata masikio, nasi tulikimbia mchakamchaka pekupeku, tumboni kiporo cha ugali wa ulezi, kamasi zikitutangulia. Ndipo mitumba ikaruhusiwa. Mama akanipeleka sokoni, marobota yakifunguliwa na kunuka dawa. Kulikuwa na raba nyepesi na njumu za mpira wa miguu, bei moja. Nikachagua njumu. Raba zilikuwa bapa. Njumu zilikuwa na meno chini, ngozi nene, uzito wa maana. Kwa bei ileile, nani angechukua kidogo? Hata mama, ambaye wauzaji walimkimbia kwa alivyojua kuwashusha bei, alikiri tumefanya biashara.

Kiangazi barabara ilikuwa ngumu kama sakafu. Kila jino lilipogonga chini, goti liliitikia. Likavimba. Nilimwambia mwalimu wa michezo, akasema maumivu ya kukimbia hutolewa kwa kukimbia, akanisogeza mstari wa mbele.

Jioni bibi alinikanda kwa maji ya moto ya chumvi, moshi wa jikoni ukitutoa machozi sote wawili.

"Mjukuu wangu, achana na viatu hivyo."

"Bibi, bado vipya."

"Na goti je, umewekewa jingine kabatini?"

Nilicheka. Nikavivaa mpaka viishe. Goti likaisha kwanza.

Bibi hayupo, jiko lake sasa ni fremu ya kuuzia vocha za simu. Wa kunikanda hakuna. Nami daktari amenipima sukari, imepanda. Anataka nitembee kwa kasi kila asubuhi, la sivyo niandae mguu wa kukatwa. Nimejaribu. Nikifika kwa jirani wa tatu goti linawaka, kesho yake siinuki kitandani. Vidonge vya maumivu amenikataza, anasema vitaniua figo. Nikamwomba apunguze, walau nusu ya mwendo. Hakushuka hata hatua moja, na mimi nimewashusha bei wafanyabiashara wa bandarini Kasanga wenye roho ngumu kuliko yake.

Usiku silali. Basi nishauri, rafiki yangu: nitembee goti life, au nikae sukari inimalize? Nimepiga hesabu mara mbili, kote napata hasara. Ungekuwa wewe, ungeanza kupoteza kipi?