Mbegu Hailetwi Mnadani

Nakumbuka Jumapili moja ya mavuno, mwanangu, miaka ile kompyuta ndiyo kwanza zinaingia kwenye ofisi za Arusha. Nilikuwa binti mwenye cheti cha ufundi wa mitandao, kazi sina. Baba yangu, mkulima wa huku Meru, alikuwa ameuza mtamba ili nisome, na mtamba yule ndiye tuliyekuwa tukimtegemea kwa maziwa ya kesho. Kila nikimwona anakunywa chai ya rangi, moyo uliniuma.

Nilikuwa nimezunguka ofisi za mjini mpaka Kimandolu, na jibu lilikuwa moja tu: lete uzoefu. Uzoefu niutoe wapi, sokoni? Asubuhi hiyo, nje ya kanisa, nikamsikia Bwana Aminieli, tajiri wa magari ya watalii, akiwalalamikia wenzake kwamba Arusha nzima haina fundi wa mitandao, eti wa kwake inabidi amtoe Nairobi. Na barua yangu ya kuomba kazi alikuwa ameipokea kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, yatosha, nitakwenda kuuza mitumba na shangazi. Nikatoa kwenye mkoba koleo langu la kubania waya za mtandao, nililotembea nalo kila siku, nikaliweka kwenye sadaka, kati ya mahindi na kuku.

Unaijua desturi yetu Walutheri wa huku. Ibada ikiisha, mavuno hutolewa nje yakanadiwa, na fedha huenda kanisani. Mnadishaji wetu alikuwa Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache lakini yanayokaa. Akalinyanyua koleo. Watu wakacheka.

"Hiki ni cha nani?"

"Shikamoo, baba. Ni changu, ndiyo kazi niliyosomea. Kazi yenyewe haipatikani, nimeacha."

Yeye hakucheka. Alinirudishia mkononi mbele ya watu wote. "Marahaba. Binti yangu, hapa tunaleta mavuno. Mbegu hailetwi mnadani. Ukiitoa hii, mwakani utaleta nini?"

Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alimgeukia Bwana Aminieli, ambaye alikuwa amekwisha kununua mkungu wa ndizi. "Nimekusikia asubuhi ukisema mafundi hawapo. Na huyu je?"

"Mzee, huyo bado mchanga. Mimi nataka aliyekomaa."

"Mkungu huo umekomaa shambani kwa mtu. Wewe umepanda wapi?"

 Tajiri akaangalia viatu vyake, kisha akasema taratibu kwamba kesho yake niende, nimfuate yule fundi wa Nairobi nijifunze kwake.

Ningependa kukwambia kwamba nilikwenda nikang'ara. Wapi! Wiki ile ile nilichomeka waya pasipo pake, ofisi nzima ikakosa mtandao, na wageni wamejaa mapokezi. Cheti nilikuwa nacho, kazi sikuijua. Bwana Aminieli alikuwa na ukweli wake, na hilo liliniuma kuliko kukataliwa. Fundi hakunifukuza. Alinishusha chini ya meza nifuate waya mmoja mmoja kwa mkono wangu, mpaka nilione kosa mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli, magoti yakachubuka. Ilinichukua miaka kuijua kazi. Baba nilimnunulia mtamba mwingine, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzeeka.

Siku hizi vijana wanakuja ofisini kwangu na vyeti vyao kwenye bahasha. "Mama, tunasikia wataalamu wa mitandao ni haba. Mbona sisi tumekaa tu nyumbani?" Huwa siwafichi. Wenye vyeti ni wengi. Mikono iliyozoea kazi ni haba kweli, na uhaba huo tumeulea sisi wenyewe wenye ofisi, tunaotaka mbivu na shamba hatulimi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Basi shika haya, mwanangu. Ukiambiwa hujui, usikasirike kabla hujajipima, maana pengine ni kweli. Ukiambiwa watu kama wewe hawapatikani, usivimbe kichwa. Tafuta wa kumfuata, hata kama ni kumbebea ngazi huko Terrat juani. Ila usikubali kubeba ngazi tu. Uliza, shika waya, ukikosea rekebisha. Na siku utakapokalia kiti cha ofisi ukaanza kulalamika kwamba mafundi hakuna, jiulize kwanza umemfundisha nani.

Mungu akupe mtu wa kukuvumilia ukiwa mchanga. Na ukishakomaa, akunyime usingizi mpaka nawe umvumilie mwingine.