Fuwele Iliyong'oka na Utepe

Saa tatu asubuhi. Bi. Tak Hye-ran, aproni ya buluu kiunoni, anazuia pumzi. Mbele yake, juu ya kijiti cha shaba, imegandishwa kwa gundi fuwele nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele. Anabandika utepe wa gundi juu yake, anabonyeza kwa kidole, anavuta mara moja. Kisha anakitia kijiti katika chombo kisichopitisha hewa, anakifunga na kuwapungia mkono wenzake wa maabara.

Ni kama kumenya kitunguu. Tabaka lililochafuliwa na hewa linatoka, chini panabaki pasafi. Bi. Tak, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ameifanya kazi hii tangu alipoacha kushona glovu kiwandani hapahapa Pohang, Korea Kusini.

"Mikono ya cherehani hii," anasema. "Haitetemeki."

Fuwele ni ya Daktari Pyo Seung-gil, mwanafizikia aliyehangaika kuiotesha tanuruni miaka miwili. Nyingine zote zilipasuka. Leo itapigwa mwanga wa leza, kisha eksirei izipige picha atomi zake zikiwa bado zinahama. Mmweko wake ni mfupi mno; kufumba na kufumbua, mbele yake, ni karne nzima. Daktari anataka kuona kwa nini umeme hupita humo bila kizuizi, na Machi anastaafu.

Lakini mwanga unapowashwa, skrini ya picha ni nyeusi tii. Maeng Du-ho, fundi wa leza, anakagua vioo vyake mpaka jasho linamtoka.

"Dada Tak, umetufungia nini humo, hewa?" anatania.

Bi. Tak anacheka. Anatia mkono mfukoni, anamoweka tepe zilizotumika, na anagusa kitu kinachokwaruza. Anaukunjua utepe. Fuwele yote iling'oka nao, naye kwa mazoea aliufinyanga kama kidonge. Umebaki unga unaometa.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasimulia. "Nikawaza kunyamaza, wailaumu mashine."

Hakunyamaza. Anauweka utepe mbele ya Daktari.

"Ni mimi. Sikukiangalia kijiti kabla ya kufunga."

Du-ho anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Daktari anatoka nje bila koti, na baridi ya Februari ilivyo kali.

Bi. Tak anamkuta kantini, supu ya soya imepoa mbele yake. Anaketi bila kukaribishwa.

"Daktari, nifundishe kuotesha fuwele."

"Nastaafu mwezi ujao, Bi. Tak."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Daktari anamkazia macho kama mtu aliyetukanwa. Kisha anasukuma bakuli pembeni.

"Tanuru likishawashwa haliachwi. Hata siku ya harusi ya mwanao."

"Anaoa Mei," anajibu Bi. Tak. "Nitamwambia aisogeze mbele harusi."