Kwa Nini Mama Aliniita Gikona

Nyumbani kwetu Heru Juu, mama aliniita Gikona. Kwa Kiha, igikona ni kunguru. Nilipokuwa mdogo sikuona ubaya wowote; lilikuwa jina la kuitiwa uji. Nilipofika darasa la pili, mwalimu akauliza igikona ni nini kwa Kiswahili. Darasa zima likageuka kunitazama.

"Kunguru! Ndiye huyu mweusi!"

Jioni ile nilimkataza mama kuniita hivyo. Akaacha, wala hakuniuliza sababu.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaja kupumzika kwangu Kasulu mjini, ninakofundisha darasa la kwanza. Mchana mmoja nilikuwa nachora picha za herufi kwenye karatasi ya manila. Yeye amekaa mkekani kando yangu, anatazama kila kitu kama mtu aliyetoka safari ndefu. Nilipofika herufi K, akainama.

"Huyu si igikona?"

"Ndiye, mama. Kunguru."

Akatabasamu peke yake. Nikaweka kalamu chini. "Mama, uliniita vile kwa sababu ya weusi wangu?"

"Weusi? Nani kasema?" Alishangaa kweli.

Ndipo akanieleza. Nilizaliwa wiki chache baada ya baba kufariki. Waliokuja msibani walikuwa wameshaondoka, na kaka zangu walikuwa kwa shangazi.

"Nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yananiuma. Kila asubuhi igikona mmoja, shingo nyeupe, anatua uani, anadonoa mahindi niliyoanika. Sikumfukuza. Namwamkia, naye anaitika, kraa! Sasa ulipozaliwa, hukulia kama watoto wengine. Ulikwaruza koo, kraa! Nilicheka, mwanangu. Mkunga akadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa sijacheka tangu baba yako afe."



"Mbona hukuniambia nilipokukataza?"

"Ulikuwa umekasirika. Nikasema moyoni, basi, amekua."

Nikajisogeza, nikamlalia mapajani, mtu mzima mwenye watoto. Akanipapasa kichwa taratibu. Nikamwambia aniite tu vile.

"Hata mbele ya wanafunzi wako?"

"Hapana, mama. Mbele ya wanafunzi hapana."

Akaguna, akanifinya sikio. Kisha nikainuka kumtilia dawa ya macho, maana saa yake ilikuwa imeshapita.