Mawe ya Mwalimu Haingo Siku ya Mkaguzi

Saa moja asubuhi, baridi ya Ambositra, Madagaska, inauma, na Mwalimu Haingo anapanga mawe ya fanorona, mchezo wa kula mawe ya mwenzako, juu ya mbao zake. Leo mkaguzi anakuja. Mkuu wa shule ameshamwambia: asipopatikana hata mtoto mmoja wa kufanya hesabu kwa chaki, mbao hizi zinakwenda jikoni zikapikiwe wali.

"Wazazi wananisema sokoni. Eti tunakulipa ufundishe, wewe unacheza," anasema Haingo.

Wanamlipa ariari laki moja na nusu kwa mwezi, na mchele kidogo wakati wa mavuno. Mwaka jana, kati ya wanafunzi wake arobaini, tisa tu walifaulu hesabu. Voahirana, msichana wa miaka kumi na mitatu, akiitwa mbele alikuwa anakimbilia nje kutapika.

Haingo akawakumbuka wacheza fanorona wa sokoni. "Wanaocheza wananyamaza. Wanaotazama ndio hawana wa kuwafunga mdomo. Nikasema, basi hawa waoga wangu wawe watazamaji."

Mkaguzi, Mzee Ratsimba, anaingia, mkuu nyuma yake. Hata koti havui. Haingo anauliza darasa: jiwe hili liende wapi?

Voahirana ameng'ang'ania dawati. Haingo jasho linamtoka, na baridi yote hiyo.

Mkuu anakohoa. "Ndiyo hesabu yenyewe hii?"

Mkaguzi ameinamia mbao, uzalendo unamshinda. "Kula yale matatu! Mnangoja nini?"

"Si hapo, mzee!" Ni Voahirana, limemtoka kabla hajaogopa. "Ukila matatu, unaliwa matano. Si umepoteza mawili? Kula lile moja, hakugusi mtu!"

"Mzee kaliwa!" Darasa zima kicheko.

Mkaguzi hacheki. Anamnyooshea chaki. "Kaandike."

Voahirana anakwenda ubaoni. Anageuka kumtazama mwalimu. Haingo anasogeza tu jiwe moja, taratibu. Msichana anaandika: 3 − 5 = −2. Chini yake: 1 − 0 = 1.

Halafu anatupa chaki, anakimbia nje kutapika.

"Mbao zibaki," anasema mkaguzi. "Mpaka mtihani."

"Na wali nipikie nini?" mkuu ananung'unika.

Haingo anajua chumba cha mtihani hakina mawe wala kelele. "Nataka ikifika siku hiyo, kila mtoto awe na mtazamaji wake kichwani, anampigia kelele: si hapo!"

Mlango unafunguliwa. Voahirana amerudi, uso umelowa maji.

"Zamu ya nani?" anauliza.