Mkaa wa Paskalina

Kupanga nyumba moja na Paskalina Mligo kuna adha yake. Kuanzia mwisho wa Mei, jua likianza tu kuzama, anapita mlango hadi mlango akigonga, na hagongi kistaarabu. Anataka kuona jiko lako liko wapi. Likiwa nje barazani anakutakia usiku mwema. Likiwa ndani analibeba mwenyewe, hata kama maharage yako yanachemka juu yake, analitua uani, kisha anarudi kufungua dirisha ili baridi yote ya Makambako ikuingie chumbani. Ukilalamika anakuletea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa na kukuambia uiweke miguuni.

Wapangaji wapya humwita mwehu. Kuna mwalimu mmoja alikwenda kumshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi mwenyewe, ambaye chumba changu kinapakana na chake, nilimwita majina mabaya kuliko hilo, maana ulimi wangu haukulelewa kanisani. Lakini tangu aliponisimulia, mtu akinuna kwa ajili ya jiko lake namwambia anune tu, kununa hakuui.

Miaka michache iliyopita Paskalina alikuwa mpishi katika kambi ya mbao, huko kwenye mashamba ya mipaini juu ya Kifanya, kijijini kwao. Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vya turubai vilivyozungushiwa mabanzi, yale mapande ya kando ya gogo ambayo hayana mnunuzi. Ukifika Juni mahali pale, asubuhi nyasi zimeganda nyeupe na maji ya ndoo yana ngozi ya barafu. Wapasuaji mbao walikuwa wanaziba kila upenyo wa vibanda vyao kwa udongo na unga wa mbao, wakashindilia mpaka upepo ukakosa pa kupita. Walijivunia kazi hiyo. Mtu alikuwa akisifiwa kwa kibanda kisichoingiza hata uzi wa hewa, kama vile mwingine anavyosifiwa kwa nyumba ya bati jipya.

Na ndani ya kibanda lilihitajika joto. Hapo ndipo Paskalina alipopatia heshima yake. Kila jioni, baada ya ugali, alikuwa anawasha mkaa wa miti ya miwati katika makopo ya rangi yaliyotobolewa matundu, kopo moja kwa kila kibanda. Wapishi waliomtangulia walikuwa wanatoa makopo upesi, mkaa ukiwa bado mweusi juu, unafuka, na watu wanalala wakikohoa na kutokwa machozi. Paskalina hakuwa na haraka. Alipepea na ufuniko wa sufuria, akangoja, akachambua vipande vibichi na kuvitupa pembeni, mpaka mkaa wote ukawa mwekundu na moshi ukaisha kabisa. Ndipo aliposema, "Umeiva, chukueni."

Aliamini, kama wanavyoamini watu wote wa kwao, kwamba ubaya wa mkaa uko kwenye moshi. Moshi ukishatoka, ubaya nao umetoka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, Mama Teodora, ambaye naye alifundishwa na wa kwake. Wanaume wa kambi walimpenda kwa hilo. Walikuwa wakitania kwamba mkaa wa Paskalina ni wa kulala nao kitanda kimoja, haugombi wala haukoromi, na yeye alikuwa akicheka na kuwaambia waende wakaoe. Baadhi yao waliamka na kichwa kizito siku nyingi tu. Wakasema ni kazi ya magogo, au ni pombe ya komoni waliyokunywa Jumapili.

Katika wapasuaji hao alikuwemo mdogo wake, Fredy. Ndiye aliyemtafutia dada yake kazi pale. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maneno mengi, asiyevumilia baridi hata kidogo, na Paskalina alikuwa akimwekea kwenye kopo lake vipande vikubwa kuliko vya wengine. Nadhani jambo hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Hakunieleza hivyo, ila kila akifika hapo anakatiza hadithi na kuanza kufuta meza ambayo haina uchafu.

Ilikuja wiki ya upepo mkali. Fredy alikuwa analala kibanda kimoja na mwenzake Gideoni, na jioni moja walitundika turubai la pili juu ya la kwanza na kufungia mlango kwa ndani kwa kamba. Asubuhi hawakutoka kunywa uji. Paskalina alipokwenda kuwaita alimkuta Gideoni amelala kifudifudi mlangoni, nusu ndani nusu nje, amejitapikia, kisu alichokatia kamba bado kiko mkononi. Fredy alikuwa ndani, amejikunja ubavuni kama alivyokuwa akilala tangu utotoni. Hakuwa na jeraha. Mashavu yake yalikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya, na Paskalina alimtikisa muda mrefu akimwambia uji unapoa.

Gari la mbao liliwachukua wote wawili hadi hospitali mjini Njombe, mmoja akahifadhiwa chumba cha maiti, mwingine akalazwa wodini. Ndugu walikuja kushughulikia mazishi. Paskalina alibaki na Gideoni, kwa kuwa kijana huyo kwao ni mbali na hakuwa na mtu. Ndiyo sababu yeye peke yake ndiye aliyesikia maneno ya daktari.

Daktari alimuuliza walilalaje. Paskalina akamweleza habari ya kopo, na kwa kuwa alikuwa anaionea fahari kazi yake hata katika msiba, akaongeza kwamba mkaa ulikuwa umeiva vizuri, hauna hata chembe ya moshi. Daktari akamweleza kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa yenye sumu, isiyoonekana wala kunuka, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kushtuka.

Paskalina akauliza, "Hata kama hauna moshi?"

"Mama, moshi ungewatoa nje," daktari akajibu. "Wangekohoa, wangelaani, wangetoka. Huu mwekundu ndio unaoua, kwa sababu hakuna anayeukimbia."

Hakumwambia kwa ubaya. Hakujua kwamba anaongea na dada wa marehemu.

Paskalina alipofika Kifanya, akiwa amemwacha Gideoni wodini, jeneza lilikuwa limeshatangulia. Wakamzika Fredy, Padre akasema ya kusema, na baada ya chakula kikaanza kikao cha ukoo. Hapo Paskalina akakuta jambo limeshapikwa na kuiva. Baba yao mdogo, Dionis, alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la miti na marehemu, na wiki mbili nyuma alikuwa ametamka mbele za watu kwamba Fredy hataikata ile miti. Kijana mzima amelala akafa, hana jeraha, hana homa, mashavu mekundu. Nani asiyejua maana yake? Vijana walikuwa wameshakaa upande wa nyumba ya Dionis na dumu la mafuta ya taa, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya watu, mdomo umemkauka, hata kujitetea hawezi.

Paskalina angeweza kunyamaza. Nimemuuliza mara mbili kwa nini hakunyamaza, maana mimi ningenyamaza, sioni haya kulisema. Alinijibu kwamba alimtazama Dionis, ambaye hata hakuwa akimpenda, akaona kwamba kabla jua halijazama atakuwa na wafu wawili wa kuwabeba.

Akasimama. Akawaeleza yote aliyoambiwa na daktari, na akamalizia, "Mkaa ule niliuwasha mimi. Nikauivisha mimi. Msimtafute mtu mwingine."

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Dionis, yule yule aliyetolewa kwenye mdomo wa moto. "Kumbe ni wewe," akasema, na akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kuketi na wazee wenzake. Vijana waliweka dumu chini. Kisha watu wakaanza kusema mengine. Kwamba kwa nini vipande vikubwa viliwekwa kwenye kopo la Fredy tu. Kwamba dada na kaka wakifanya kazi mahali pamoja, wivu haukosi. Kila mtu alishika neno moja katika yote aliyowaeleza, nalo ni kwamba amekiri. Habari ya hewa isiyoonekana waliiacha ipite, kama mtu anavyoacha sala ya Kilatini ipite. Mkono wa Paskalina ndio waliouona mbaya. Mkaa haukuwa na kosa.

Mama Teodora hakulia wala kumpigia kelele. Alimwambia tu, "Usinipikie tena," akageuza uso.

Sasa kuna desturi ya kwao wakati wa msiba. Wanaume hukesha nje wakiota moto wa magogo. Wanawake hulala ndani pamoja na mfiwa, chumba kimoja, juu ya majani na mikeka, wamebanana, na moto wa mfiwa hauondolewi chumbani mpaka tanga lianuliwe, kwa kuwa ni aibu kubwa mama aliyefiwa na mtoto apigwe na baridi. Jioni ilipoingia, Paskalina aliwaona shangazi zake wanapepea majiko mawili uani. Mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa umewekewa tambara chini ili upepo usipite. Dirisha ni la kioo, lile moja tu, limefungwa.

Akawasihi. Aliwaambia waache majiko nje, wamfunike mama kwa mablanketi, wachemshe maji wayatie kwenye chupa wamwekee miguuni, au angalau waache mlango na dirisha wazi. Shangazi mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea kidole jiko lililokuwa miguuni pake. Lilikuwa jekundu lote, safi, halifuki. Akamwambia kwamba wameivisha vizuri kama alivyowaonyesha yeye mwenyewe msiba uliopita, na kwamba leo halikuguswa na mkono wake, kwa hiyo hakuna wa kudhurika. Wakaingiza majiko yote mawili. Wakafunga mlango.

Alikwenda kwa wanaume waliokuwa wakiota moto. Walimpisha kama wanavyopisha mtu mwenye ukoma, na hakuna aliyeinuka.

Basi akazunguka nyuma ya nyumba, akaokota tofali nusu, akavunja dirisha la mama yake.

Nadhani unaweza kuwaza zile kelele. Waliziba tundu kwa gunia, akalivuta nje kwa ufito. Wakaziba kwa shuka, akalivuta na shuka. Mwanaume mmoja akaja kumkamata, mzee mwingine akasema aachwe, msiba umempanda kichwani, msipigane na mwendawazimu nyumbani kwa mfiwa. Mwishowe wakachoka, wakasogeana upande wa pili wa chumba wakimlaani, na upepo wa Kifanya ukaingia ndani na kutoka unavyotaka. Paskalina aliketi chini ya dirisha na ule ufito mapajani. Hakuwa na khanga ya pili.

Kulipopambazuka wanawake walianza kutoka, mmoja mmoja, wamejifunika gubigubi, wanapiga chafya na kumtukana Paskalina kila wakimwona. Walisema mtoto gani anamuua ndugu yake, kisha anakuja kumgandisha mama yake juu ya kaburi ambalo halijakauka. Na kwa kuwa hakufa mtu, hakuna aliyejua lolote, wala hawajui hadi leo. Ukienda Kifanya ukamtaja Paskalina utaambiwa ndiye aliyevunja dirisha la matanga.

Yeye alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mfuko wake wa nguo, meno yanagongana. Alikuwa anawatazama wanaotoka na kuwasikiliza matusi yao, kwa kuwa kila tusi lilikuwa ni mtu aliyeamka, na kulikuwa na sauti moja ambayo bado hajaisikia. Wakatoka majirani. Wakatoka shangazi. Mlango ukabaki wazi muda ambao ananiambia hataki kuukumbuka.

Mama Teodora alitoka wa mwisho, ameshikiliwa mkono. Alipomwona bintiye alimwachia aliyemshika, akasogea hadi ukingoni mwa barabara.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Ondoka hapa. Nikifa usije."

Aliyasema kwa sauti kubwa, pumzi zikimtoka nyeupe mdomoni kwa baridi, pumzi ndefu, nzima. Paskalina alizitazama mpaka zilipoisha. Kisha akajitwika mfuko wake, akaanza kutembea kuelekea barabara kuu.