Ng'ombe Hahesabiwi

Jamani, leo nimemwangusha Owino mtihani wa ualimu.

Mgeni huyu wa ziwani aliniuliza afundishe hesabu vipi bila watoto kukariri tu. Nikamshauri, "Watoe nje, wahesabu ng'ombe."

Akawatoa mbele ya mkaguzi, nami nikiwepo; watoto wote wakanyamaza.

Kwetu Wakipsigis kuhesabu ng'ombe ni mkosi. Mimi mzaliwa wa hapa nikasahau!

Mkaguzi Mzungu akaandika kwamba darasa ni bubu, mwalimu hafai. Akapanda farasi, akaenda zake.

Ndipo Chebet mdogo akasema, "Mwalimu, yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe hayupo." Kundi zima amelikagua kwa macho tu, bila kuhesabu!

"Ndugu, si ungemweleza mkaguzi?" Owino akaniuliza.

Mdomo wangu huu, unaosifika hadi Kiptere, leo ulishikwa na adabu mbele ya Mzungu.

Nyinyi mngesema? Msijibu haraka.