Hapa Tunasoma Akili

Tangazo nililiandika mwenyewe, kwa hiyo wa kulaumiwa anajulikana. "Kila Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia, Kamembe: tunasoma akili. Karibuni wote." Nilimaanisha tutasoma pamoja kitabu cha Kifaransa kinachoeleza jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi: kukumbuka, kusahau, kuelewana. Nilitegemea walimu wenzangu wachache na mwenye duka la dawa.

Ebo! Watu walijaa hadi madirishani. Mmoja alitaka nimsomee akili ya mpangaji wake. Mwingine alininyooshea kiganja. "Jamani, huu si uganga!" nikapiga kelele. "Ni kitabu!" Walipokiona unene wake, nusu wakakumbuka kazi walizoacha nyumbani.

Aliyegoma kuondoka ni Maman mmoja anayevusha nyanya mpakani kwenda Bukavu. Alikuwa amemburuta mumewe kutoka shambani Mururu, akaketi kushoto kwake na kumshika mkono kama vile angetoroka.

"Munisomee huyu," akasema. "Mwezi muzima haniongeleshake. Kama akili yake iko kwa bibi mwingine, leo narudia kwetu. Valizi yangu iko pale inje."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na valizi yake, imejaa nguo, kweli ilikuwa mlangoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafungua kitabu, nikatafsiri: hakuna awezaye kuona yaliyo kichwani mwa mwenzake, sote tunakisia tu, na mara nyingi tunakisia ovyo.

"Basi kisia," akasema Maman.

Nikainama upande wa Maman, nikamwuliza mumewe, "Papa, unawaza nini?" Nikarudia. Papa anatazama vidole vyake.

"Munaona?" Maman akapiga makofi. "Hata mwalimu anamuzarau!"

Hapo nilikasirika kweli. Kunidharau mbele ya kundi langu, siku ya kwanza! Nikazunguka benchi hadi upande wa pili. "Wewe Mzee, nakuuliza!"

Akaruka. "Lakini sasa unanipigia kelele ya nini? Mimi si kiziwi!" Kisha akashusha sauti, akagusa sikio la kushoto. "Ni hili tu njo lilikufa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Maman akamwuliza kwa nini hakumwambia, lakini aliuliza kutoka kulekule kushoto, na Papa akaendelea kutazama vidole. Nikamwashiria Maman kwa mkono ahamie upande wa pili. Akainuka, akakaza kitenge, akaja kuketi kulia. Akauliza tena.

"Niliwaza ni weye uliacha kuniongelesha," Papa akasema. "Nikasema nisikusumbue."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilijifanya natafuta ukurasa.

Valizi aliibeba Papa kupandisha kilima cha Mururu. Maman alitembea kulia kwake, akimmwagia maneno ya mwezi mzima.